Kimashine cha kukata kwa kutikisika, miezi minne baadae

Nilikinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, brandi ya Kichina. Muuzaji akaniambia "fundi hii haizunguki kama grainda", nikajua ananipanga tu. Kumbe kweli, blade inacheza kushoto kulia digrii tatu hivi basi, ila spidi yake balaa, boksi limeandikwa mara 20,000 kwa dakika.

Mi siwezi kuvumilia, nikakifungua. Mota inazunguka kawaida kabisa, ila mwisho wa shafti kuna kipande hakijakaa senta, kimevalishwa beringi ndogo imekaa katikati ya uma wa chuma, sasa shafti ikizunguka beringi inayumba inausukuma uma huku na huku, na uma ndo umeshika ekseli ya blade. Ndo mtindo wa ile misumeno ya kukatia hogo hospitali bila kuchana ngozi, Wajerumani wa kampuni ya Fein walianza nayo 1967. Ila msidanganyike, blade ya mbao inakata kidole vizuri tu.

Kukata fremu ya mlango chini ili tailizi zipite, kutoboa tundu la kitasa, hapo sina neno. Mbao ndefu ya paini ya Sao Hill usijaribu, utalala hapohapo, chukua jigso.

Shida mwezi wa tatu ikaanza kupiga kelele na kuchemka, kufungua tena grisi imekauka na beringi ina lege, uma umelika upande mmoja. Narudi dukani wananiambia waranti imekufa kwa sababu nilifungua. Haya bwana. Nimeweka beringi nyingine, inadunda.