TAHADHARI: Nimeuziwa gari "jipya" lililokwisha kupigwa rangi

Ndugu zangu mnaojichanga kununua gari jipya, someni hili kabla ya kwenda kukabidhiwa. Mimi nimeumia, sitaki mwingine aingie mlemle.

Nilitoa malipo ya awali, nikaahidiwa gari la zero kilometa. Tarehe ya kukabidhiwa ikasogezwa mara tatu. Mara ya nne nikapigiwa simu saa kumi jioni: njoo leo leo, maliza salio, gari liko tayari. Nimefika, jua limeshazama. Gari ndiyo kwanza limeoshwa, maji yanachuruzika, limeegeshwa chini ya taa. Muuzaji akanipa kalamu: saini hapa, hapa, na hapa. Nikasaini. Hapo ndipo nilipojifunga.

Gari lililolowa, tena usiku, huwezi kulikagua. Maji huficha mikwaruzo na kuifanya rangi ing'ae bodi nzima. Ukipelekewa gari namna hiyo, mwambie muuzaji utarudi kesho mchana likiwa kavu, na salio lako ubaki nalo mfukoni.

Asubuhi nikalitoa juani. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na rangi yake peke yake. Ukisimama mbele yake huoni kitu. Ukichutama karibu na bampa ukaangalia ubavu wote kutoka nyuma kwenda mbele, unaona vijiwimbi kwenye mlango ule, na mng'ao umefifia. Nikaufungua, nikapitisha ukucha kwenye mpira wake. Kulikuwa na chembechembe ngumu kama mchanga laini: rangi ya kupuliza iliyorukia pale. Kiwandani bodi hupigwa rangi kwanza, mipira hufungwa baadaye, kwa hiyo rangi ile haikutoka kiwandani. Bolti za bawaba nazo zilikuwa zimechubuka kwenye pembe, alama ya spana kabisa.

Fundi wangu akaja na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kwenye maikroni 100 hadi 150 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Milango mitatu ilikuwa humo humo. Ule wa nne ulivuka 300. Fundi akanitazama, hakusema neno.

Tukashuka kwenye matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2321, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. (Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, itabidi uinamie na tochi.) Matairi yangu matatu yalipishana wiki chache. La nne lilikuwa jipya kuliko wenzake kwa zaidi ya mwaka mzima, nalo liko nyuma kushoto, jirani na mlango uleule. Odometa ilisoma kilometa 214. Muuzaji anasema ni za kulihamisha kutoka bohari moja hadi nyingine. Kilometa chache za kulijaribu na kulihamisha ni kawaida, lakini 214, pamoja na tairi lililobadilishwa na mlango uliopakwa upya? Gari hili liligongwa, na wao wanajua.

Lililonichoma zaidi ni dhamana. Nilipompigia mtengenezaji na kumtajia namba ya chesisi, nikaambiwa kwenye kumbukumbu zao gari liliuzwa miezi saba kabla sijalitia machoni. Kuna maduka huandika kwamba gari limeuzwa wakati bado liko yadi, ili lengo la mauzo ya mwezi litimie. Saa ya dhamana huanza kuhesabu tangu hapo. Miezi yangu saba imeliwa, na nimelipia dhamana kamili.

Niliporudi kulalamika, jibu lilikuwa moja: "Ulisaini kwamba umelipokea likiwa katika hali nzuri."

Kwa hiyo dai namba ya chesisi mapema, siku kadhaa kabla ya kumaliza salio. Ina herufi na tarakimu 17. Mpigie mtengenezaji mwenyewe, uliza dhamana imeanza lini. Siku ya makabidhiano, ilinganishe na iliyo kwenye gari na kwenye hati, moja baada ya nyingine. Nenda na fundi, mchana. Hesabu funguo, spea tairi, jeki. Wakikuharakisha na ukaona lazima usaini, andika kwa mkono wako juu ya sahihi kila kasoro unayoiona, kisha piga picha karatasi hiyo kabla haijaondoka mezani. Laiti ningefanya hilo moja tu, leo wasingekuwa na la kunijibu.

Kwa sasa wamenipa ofa ya kung'arisha rangi na servisi moja ya bure. Nimekataa kwa maandishi. Nadai gari lingine au pesa yangu, na kama ni gari, dhamana ihesabiwe tangu siku nitakayokabidhiwa, kwa barua ya mtengenezaji. Kama kuna aliyewahi kubadilishiwa gari zima baada ya kusaini, naomba aniambie alipitia njia gani.