Uzumaki ya Junji Ito: hofu isiyo na zimwi
Kwa msomaji kama mimi, niliyelelewa kwa ngano za mazimwi na mizimu, katuni hii ya Kijapani, iliyotoka mfululizo kati ya 1998 na 1999, ilinitisha kwa namna mpya kabisa. Adui hapa ni umbo tu: msokoto kama wa gamba la konokono, unaouandama mji mdogo wa Kurouzu-cho katika moshi, maji na hata nywele za wasichana. Baba yake Shuichi, kijana ambaye ni mmoja wa wahusika wakuu, anaupenda msokoto huo mpaka anajikunja ndani ya pipa la mbao. Picha hiyo, yenye mistari myembamba ya wino mweusi iliyosongamana, ilininyima usingizi. Sura za katikati hurudiarudia mtindo mmoja, lakini toleo la pamoja, lenye kurasa zaidi ya 600, nimelisoma mara tatu.