Darasa la jioni la Kiingereza, Wandegeya: mwalimu anajua kazi, karatasi zinamwangusha

Kituo hiki kidogo cha lugha, kilichopo karibu na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, huwafundisha Kiingereza watu wanaofanya kazi zao kwa Kiswahili, wakiwemo wafanyabiashara kutoka Kongo na Waganda wachache wa vyombo vya usalama. Ninakipima hapa kwa somo la vitenzi vya kushusha uzito wa jambo, maana hapo ndipo umahiri wa mwalimu huonekana.

Aliandika ubaoni mfano wa habari ya gazetini: msemaji anadai kwamba mafuriko ya Bwaise, mtaa wa Kampala, ni maji ya mvua ya kawaida tu. Kisha akauliza kama msemaji huyo anaujua ukubwa wa tatizo au haujui. Asiyejua amekosea makadirio, na kitenzi chake ni “underestimate”; anayejua lakini akalifanya jambo lionekane dogo ndiye anayestahili “downplay”. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayeandika “downplay” amekwisha kumtuhumu msemaji, hata kama hakukusudia. Sijawahi kusikia jambo hili likielezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kitenzi cha tatu, “belittle”, yaani kumfanya mtu au kitu kionekane kidogo, humlenga zaidi mtu, kazi yake au hadhi yake. Mwalimu aliongeza kwamba Thomas Jefferson wa Marekani alilitumia neno hilo katika miaka ya 1780 alipokuwa akimjibu Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa aliyedai kuwa wanyama wa Marekani ni wadogo kuliko wa Ulaya, na kwamba wahakiki wa London walimcheka kwa neno hilo. Sarufi ilipita haraka mno: “play down”, yenye maana ileile ya “downplay”, husemwa “play it down”, kiwakilishi kikikaa katikati, na “downplay” hufuatwa na nomino, si sentensi nzima inayoanza na “that”.

Kasoro kubwa ni karatasi za fotokopi, ambazo zimevifasiri vitenzi vyote hivyo kuwa “kudharau”. Daktari anayemtuliza mgonjwa kwa kuupunguza ukubwa wa ugonjwa hamdharau mtu wala ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi anayesoma karatasi hizo nyumbani atasahau kila kilichoelezwa darasani.

Waandishi wa habari na wa ripoti watapata thamani ya ada yao, ila waandike maelezo yao wenyewe na wakae mbele, kwa kuwa kelele za bodaboda huingia dirishani. Wanaoanza Kiingereza watafute darasa jingine.