Nepi za pamba ya kilimo hai na nepi zenye flisi: miezi minane ya kufua Mtwara

Mtoto wetu alizaliwa mwezi Oktoba, na kufikia Desemba nilikuwa nimechoka kununua pampasi ambazo, mbali na gharama yake, zilimwachia wekundu mapajani kila joto lilipopanda. Katika duka moja la vifaa vya watoto hapa mjini Mtwara nilinunua nepi kumi na mbili za kitambaa: sita za pamba ya kilimo hai, kwa shilingi 14,000 kila moja, na sita zilizoshonewa ndani flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya kama cha mablanketi, kwa shilingi 9,000. Nimezifua na kuzianika kwa miezi minane, msimu wote wa mvua na mwanzo wa kipupwe, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwenye kamba na kwenye ngozi ya mwanangu.

Muuzaji aliniambia kwamba flisi hunyonya mkojo kuliko pamba, na kauli hiyo si sahihi. Flisi ni polyesta, yaani nyuzi za plastiki, nayo hainywi maji. Mkojo hupita katikati ya manyoya yake laini hadi kwenye tabaka la chini, ambalo ndilo linaloufyonza, na upande unaogusa ngozi hubaki mkavu. Usiku wa kwanza niliingiza kidole ndani ya nepi mnamo saa kumi alfajiri, nikaikuta nzito kama kitambaa kilichotoka kwenye beseni, lakini paja la mtoto lilikuwa kavu kabisa. Pamba haina uwezo huo: inanywa yenyewe, inabaki na majimaji, na mtoto huamka akilalamika. Kwa usingizi wa usiku, basi, flisi ina haki ya kusifiwa.

Pamba nayo ilinipa taabu mwanzoni kwa sababu ambayo nilipaswa kuelezwa dukani. Pamba ambayo haijachemshwa wala kupaushwa kiwandani bado ina nta na mafuta yake ya asili, na mkojo ulisimama juu ya kitambaa kama matone ya mvua juu ya jani la myugwa, kisha ukamwagikia kwenye kanga niliyokuwa nimempakatia. Nilizichemsha kwenye sufuria, nikazifua na kuzianika mara sita, ndipo zikaanza kunywa vizuri, nazo zikajaa na kuwa nene kidogo kuliko zilivyotoka dukani. Anayezinunua azianze kazi hiyo kabla ya kujifungua.

Jambo lililoamua mambo nyumbani kwetu, hata hivyo, ni pasi. Tunaishi penye miembe, na wakati wa mvua wako nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai hayo huanguliwa baada ya siku chache, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutokeza uvimbe unaofanana na jipu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mikindani kunisaidia uzazi, alinikataza mapema: "Mwanangu, nepi isiyopigwa pasi usimfunge mtoto, hata ukiiona imekauka." Nepi za pamba zilivumilia pasi ya mkaa yenye moto mkali, mbele na nyuma, hadi kwenye mishono. Nilipoijaribu kwenye flisi, pembe moja iling'aa, ikakakamaa kama plastiki na kutoa harufu ya kuungua, na sehemu hiyo haikupitisha tena mkojo. Tangu hapo nepi za flisi nilizianika chumbani, madirisha yakiwa na wavu. Kwa bahati flisi yenyewe hukauka upesi, ingawa tabaka la chini lilichukua siku nzima Februari, na pamba nene siku mbili.

Ufuaji wake pia unatofautiana. Mafuta mgando tunayowapaka watoto mapajani yanaganda kwenye flisi na kuifanya izuie mkojo badala ya kuupitisha, na dawa ya kulainishia nguo hufanya vivyo hivyo. Nilizirudisha katika hali yake kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, nikasuuza mpaka povu likaisha. Polyesta hushika harufu zaidi. Pamba niliyoianika kwenye jua la saa sita ilitoka haina harufu, na hata madoa ya choo yalififia bila jiki.

Kuhusu neno "kilimo hai" lenyewe, nadhani wazazi wanastahili maelezo ya wazi. Lebo ya GOTS, alama ya kimataifa ya nguo za kilimo hai iliyokuwa kwenye nepi zangu za pamba, hutaka angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, na asilimia 95 kwa bidhaa ya daraja la juu. Inahusu namna pamba ilivyolimwa, bila dawa za viwandani za kuua wadudu, na namna ilivyosindikwa. Haisemi kwamba kitambaa kitanywa zaidi. Pamba ya namna hiyo hulimwa hata hapa nchini, Meatu mkoani Simiyu, na ningefurahi sana kuiona ikirudi kwetu ikiwa nepi. Lakini vipande vya kanga kuukuu alivyovikunja mama mkwe havikumtoa mtoto upele wowote, na kwenye ngozi yake sikuona tofauti kati ya kanga hizo na pamba ya shilingi 14,000.

Mwezi Machi nilinunua blanketi la flisi la mtumba, nikalikata vipande vyenye upana wa kiganja na urefu wa nepi. Flisi haifumuki ukingoni, kwa hiyo sikuhitaji fundi cherehani. Kipande kimoja hulazwa juu ya nepi ya pamba usiku. Asubuhi pamba huenda kuchemshwa na kupigwa pasi, na kipande cha flisi hufuliwa peke yake na kukauka chumbani kwa muda mfupi. Ninakifua taratibu kwa mkono na maji yake siyamwagi mferejini, kwa kuwa polyesta huachia nyuzi ndogo za plastiki kila inapofuliwa, na mifereji yetu haiko mbali na bahari.

Kama ningekwenda dukani leo, ningechukua nepi kumi za pamba, ya kilimo hai kwa mwenye uwezo na ya kawaida kwa asiye nao, na nisingenunua yenye flisi iliyoshonewa. Zile sita nimebakiza mbili, ninazozitumia tunapopanda basi kwenda Masasi, maana humo njiani siwezi kumbadilisha mtoto kila saa.