Tathmini ya kozi fupi ya kumbukumbu na afya ya akili ya wakimbizi, Upanga

Kozi fupi za ushauri nasaha zinazotangazwa hapa Dar es Salaam hufanana mno, na aliyehudhuria moja anaweza kukisia mada za nyingine kabla hajalipa ada. Hii ya Upanga, iliyoandaliwa kwa ajili ya wakalimani, maofisa ustawi wa jamii na wanasheria wanaowahudumia wakimbizi, inatofautiana nazo kwa sababu mkufunzi wake ni mwanasaikolojia wa utambuzi, aliyeanza kazi ya utafiti maabara akipima jinsi watu wanavyokumbuka orodha za maneno, kisha akageukia swali zito zaidi, yaani jinsi mtu aliyekimbia vita anavyoyakumbuka yaliyomfika. Kozi inafuata njia hiyohiyo aliyoipita yeye, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yake ilipo.

Nadharia ya mwanzo, kuanzia vipimo vya usahaulifu vya mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus vya mwaka 1885 hadi hoja ya mwenzake Mwingereza Bartlett ya mwaka 1932 kwamba mtu huijenga upya kumbukumbu kila anapoisimulia, ilipitiwa haraka, na ilistahili hivyo. Uhondo ulianza tulipoufikia utafiti wa mwanasaikolojia Jane Herlihy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza. Wakimbizi kutoka Kosovo na Bosnia, ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kubaki Uingereza na kwa hiyo hawakuwa na la kupata kwa kudanganya, walihojiwa mara mbili kuhusu matukio yaleyale, na bado maelezo yao yalitofautiana. Tofauti hizo zilikuwa nyingi zaidi katika mambo ya pembeni kuliko katika kiini cha tukio, na kwa wenye dalili kali za kiwewe ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka.

Mkufunzi hakutuachia hapo. Alitugawia mahojiano mawili ya kubuni ya mama mmoja Mrundi: katika ya kwanza askari walikuwa watatu na ilikuwa usiku, katika ya pili walikuwa wanne na kumekucha, ila jina la mwanawe na mlango alikoangukia mtoto huyo havikubadilika. Baadhi ya washiriki, wanasheria wakiwemo, walikuwa wameshaandika pembezoni kwamba mama huyo haaminiki. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kuona chumba cha semina ambamo hakuna anayeshika simu baada ya chakula cha mchana.

Sehemu ya tiba iliegemea usimulizi wa maisha, njia ya kutibu kiwewe iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Kamba hutandazwa sakafuni kuonyesha maisha tangu kuzaliwa, jiwe huwekwa palipotokea jambo baya na ua palipotokea jema, kisha msimulizi hupitishwa taratibu kwa mfuatano wa wakati hadi tukio la kutisha lipate mahali na tarehe yake. Tuliifanya kwa kamba ya katani na kokoto za uani. Muhimu zaidi kwetu ni kwamba katika makazi ya Nakivale, Uganda, njia hii ilitolewa na wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo, na wagonjwa wakapata nafuu. Kwa nchi yenye uhaba wa madaktari wa akili kama yetu, hilo lilistahili muda mrefu kuliko lilivyopewa.

Kasoro zipo. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, zilitajwa juujuu tu, na Warundi waliokuja mwaka 1972 wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo hawakutajwa kabisa, ingawa wajukuu wao tunaishi nao. Ukalimani nao ulisahauliwa, jambo la ajabu kwa kozi inayowaalika wakalimani, kwa kuwa maelezo ya Mkongo au Mrundi humfikia mhojaji yakiwa yamepita kinywani mwa mtu wa tatu. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, na kiyoyozi kilinguruma kiasi kwamba waliokaa nyuma walikosa sehemu ya maswali.

Anayehoji waomba hifadhi au kuwaandikia maelezo yao ningemshauri alipe ada bila kusita. Anayetaka kuwa mshauri nasaha atafute mafunzo marefu yenye usimamizi, kwa sababu cheti cha hapa ni cha kuhudhuria tu, na waandaaji, kwa haki yao, wanalisema hilo wazi katika fomu ya kujiandikisha.