PET ya sinapsi: inaona vizuri, ila mzee wa Dodoma aanze na MRI

Ukitaka kujua Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, imekula kiasi gani cha ubongo, PET ya sinapsi (picha ya kamera inayofuata dawa yenye mionzi mwilini) inaeleza jambo ambalo MRI, picha ya sumaku, haiwezi. Sinapsi ni pale seli moja ya neva inapopeleka ujumbe kwa nyingine, na kupotea kwake kunaendana zaidi na kusahau kwa mgonjwa kuliko hata wingi wa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye ugonjwa huu. Mgonjwa hudungwa UCB-J, dawa ya picha yenye kaboni-11 inayotoa mionzi, ambayo hunata kwenye SV2A, protini ya vifuko vya sinapsi, kisha kamera huhesabu mionzi yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha wagonjwa 10 na wazee 11 wasio na tatizo, wakakuta SV2A ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, iko chini kwa wagonjwa kwa asilimia 40 hivi.

Tatizo kubwa ni muda. Nguvu ya kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20. Ingetengenezwa Dar es Salaam ikapanda treni ya SGR, baada ya saa tatu na nusu ingebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Saiklotroni, mashine inayotengeneza kaboni hiyo, lazima iwe jirani na kamera. SynVesT-1, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo yenye florini-18, hupungua nusu kwa dakika 110, kwa hiyo ingefika na robo hivi. Hiyo ndiyo ya kuitazamia huku kanda ya kati.

Halafu kuna levetiracetam, dawa ya kifafa. Hukaa palepale kwenye SV2A, na picha ikadanganya kwamba sinapsi zimeisha. Hipokampasi iliyosinyaa nayo hufifisha picha kupita kiasi, hivyo bila MRI ya kusahihishia namba haziaminiki.

Bado ni kipimo cha utafiti. Akitokea wa kukuuzia kama cha kuthibitisha ugonjwa, usilipe.

MRI, ambayo Dodoma mjini ipo, inastahili pesa yake ikiombwa vizuri, na hapa ndipo wengi hukosea. Fomu ikisema "MRI ya kichwa" tu, ripoti hurudi na "ubongo umepungua kulingana na umri". Daktari aandike kwamba mzee anasahau, tangu lini, na kwamba hipokampasi ipimwe: T1 (aina ya picha ya MRI inayoonyesha umbo la ubongo) ya vipande vya milimita 1, mkato wa koronali (wa sikio hadi sikio), alama ya MTA, yaani ya kusinyaa kwa eneo la hipokampasi, kuanzia 0 hadi 4. Alama 2 kabla ya miaka 75 inatia shaka. Kwa mzee wa miaka 80 inaweza kuwa ya kawaida. MRI hiyohiyo huonyesha damu iliyovilia chini ya utando baada ya kuanguka, au maji kujaa kichwani, na yote mawili yanatibika.

Damu ipimwe kwanza: vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU. Siku ya picha mzee aende haja ndogo, afunikwe blanketi, kichwa kibanwe kwa sponji, na T1 itangulie kabla hajachoka. Akitikisika, mkato wa koronali hausomeki. Chukueni CD yenye picha zote, mhakikishe inafunguka kabla ya kurudi Kongwa au Bahi.