Uzoefu wangu na Linux Mint na LibreOffice, na yule kijana wa steshenari aliyeniambia "cha bure ghali"

Naandika haya bado nina hasira na sitaki kujifanya nimetulia. Kama kuna mwalimu mwenzangu anafikiria kuhamia Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) na LibreOffice (programu za kuandikia badala ya Office) asome hadi chini, maana mimi hii kitu nimeisifia kwa kila mtu pale ofisi ya walimu, halafu kuna siku nikataka kuifuta usiku huohuo, na leo naisifia tena, sasa soma uamue mwenyewe.

Nafundisha Sayansi darasa la sita, shule ya msingi hapa Morogoro. Kompyuta yangu ni Dell ya zamani, used ya Dubai. Ilikuwa na Windows ya kuchakachua aliyoniwekea fundi, na Office nayo ya kuchakachua, kila baada ya miezi kadhaa inagoma napeleka kwake, elfu ishirini, anapiga upya narudi nyumbani. Mara ya mwisho alipopiga upya akafuta kila kitu. Maandalio ya masomo ya miaka yote, maazimio ya kazi, picha za msiba wa baba yangu, vyote. Nikamuuliza kaka mbona hukunambia nihamishe kwanza, akanijibu "mi nilijua unajua". Basi hapo ndo moyo ulipotoka. Na Windows 10 yenyewe ilitangazwa mwisho wa kuhudumiwa ni Oktoba 2025, na kumi na moja kwenye mashine kama yangu haikubali, kwa hiyo nilikuwa naambiwa ninunue kompyuta nyingine. Kwa mshahara upi?

Mtoto wa kaka yangu yuko chuo, alipokuja likizo akaniambia shangazi achana na mambo ya kuchakachua, kuna mfumo huria, yaani kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kuugawa, ndiyo hiyo Linux Mint, hauna wa kukudai. Nikanunua bando maana hilo faili la Mint peke yake ni karibu GB 3, akaliweka kwenye flashi, jioni ile tukafanya. Sitaeleza jinsi ya kuweka, iko wazi, na ukishindwa mtafute kijana yeyote wa chuo.

Nilichofurahia kwanza ni bando. Zamani nawasha hotspoti ya simu nageuka kuweka chai nikirudi bando la wiki limeisha na sijui limeliwa na nini. Mint ikiwa na apdeti inaweka alama pale chini, inasema ni MB ngapi, inasubiri niseme ndiyo. Inasubiri! Na Firefox niliwekewa kizuia matangazo kinaitwa uBlock Origin, kurasa zinafunguka bila mavideo ya kamari kujicheza yenyewe mbele ya mtoto. Jambo la pili ni flashi. Nyie mnajua flashi ikitoka steshenari inavyorudi, mafolda yote yamegeuka shotikati, ukibonyeza hakuna kitu, unalia. Kwenye Mint nikaichomeka nikaona mafaili yangu yote yapo palepale, vile virusi vimekaa pembeni havifanyi chochote maana vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, nikavifuta kwa mkono kimoja kimoja. Siku ile nilimpigia mtoto wa kaka yangu simu usiku nikamshukuru karibu nusu saa.

Sasa steshenari.

Ilikuwa wakati wa mitihani ya muhula. Nimetunga mtihani wangu kwenye LibreOffice, kurasa tatu, na ukurasa wa pili nimeweka mchoro wa ua, petali, stameni, stigma, na mishale mitano A hadi E, wanafunzi wataje sehemu. Ule mchoro nimeukalia jioni mbili. Nikahifadhi kwa docx maana nilijua steshenari wanatumia Word, nikaenda asubuhi na mapema, foleni ndefu, nikampa kijana flashi nikamwambia kopi 87 kila ukurasa, nikakaa kwenye benchi. Anatoa, anatoa, anapanga. Naletewa furushi nafungua ukurasa wa pili, mishale yote imehama. A inaonyesha maandishi ya swali la juu. B iko hewani. D na E zimelaliana pembeni ya karatasi kama zimeanguka, na ua liko peke yake katikati halina hata mshale mmoja.

Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, mbona mchoro umeharibika, akavuta kioo akatazama. "Mwalimu hii umeandikia programu gani?" Nikasema LibreOffice. "Ndo nini?" Nikasema ni kama Word ila ni huria. "Ya bure?" Nikasema ndiyo, hailipiwi. Akacheka kwa sauti, akageukia watu kwenye foleni, kuna wazazi wa wanafunzi wangu pale, akasema, "Cha bure ghali, mwalimu! Nunua Office kama watu wazima."

Kopi mia mia, kurasa 87 zilizoharibika ni shilingi 8,700, na akanidai zote. Nikamwambia umeona mchoro una mishale inaelea na hukuniuliza, akasema yeye anaprinti anachopewa. Nimelipa. Muda ulikuwa umekwisha, wanafunzi wako darasani, nikarudi nikachora ua ubaoni kwa chaki wao wakajibia pale, na nyuma huko kuna watoto hawaoni vizuri.

Na kinachoniuma zaidi ya hela ni hiki. Wakati amegeuza kioo kuniuliza nimeandikia nini, nimeona. Mtihani wangu ameunakili kwenye kompyuta yake, upo palepale mbele, yeyote anayekaa anauona, na wa shule nyingine pia upo. Pembeni vyeti vya watu vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, kitambulisho cha NIDA cha mama mmoja namfahamu kabisa, sura yake na namba zote zinasomeka. Nikamwambia futa mtihani wangu. "Kwani nitaufanyia nini?" Nikamwambia futa. Akafuta huku anasonya. Na hiyo Word yake aliyoniambia ninunue ina mstari mwekundu juu unaosema haijasajiliwa. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na vitambulisho vya watu vimetandazwa pale kama karanga sokoni. Halafu mimi ndo sijui kompyuta.

Hilo neno bure linanikera. Kwetu ukisema umehangaika bure maana yake hukupata kitu, kwa hiyo ukisema programu ya bure mtu ameshaidharau kabla hajaiona. Mimi sikuichukua kwa sababu ya kutolipa, nimeichukua kwa sababu hainikagui wala hainidai wala hainifungii mafaili yangu siku fundi akikosea. Na sio kitu cha juzi wala cha kuokota, LibreOffice ilizaliwa 2010 kutoka OpenOffice, na hiyo OpenOffice Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishashiriki kuigeuza Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice. 2004! Miaka yote hiyo na bado mtu anakucheka kwenye foleni.

Sasa nisiwe mnafiki. Usiku ule nilikaa kitandani nikasema narudisha Windows kesho, sitaki aibu. Na lazima niseme ukweli kuwa ukihifadhi kwa docx LibreOffice inakuletea kiboksi kinachokuonya kwamba mpangilio unaweza usihifadhiwe wote, mimi nilikuwa nakipita tu kwa sababu kiko kwa Kiingereza na kinakuja kila mara. Mishale na picha ndo vinaumia zaidi, hizi programu mbili hazishikilii mchoro kwa namna moja, sio kosa la upande mmoja. Dawa yake ni rahisi mpaka unataka kulia. Usipeleke docx, peleka PDF. Kitufe kipo juu palepale jirani na cha kuprinti, ukibonyeza mara moja mchoro unabaki ulivyo na fonti zinabebwa humohumo. Yule kijana anaprinti kutwa nzima miaka yote, angesema tu "mwalimu niletee PDF", maneno matatu, angeokoa 8,700 yangu na heshima yangu. Amechagua kunicheka.

Siku ile ningeulizwa ningeipa nyota mbili, moja ya bando moja ya flashi. Leo nampa Mint nyota tano kabisa, kwa mwalimu mwenye kompyuta ya zamani sijaona kitu bora. LibreOffice nilikuwa nataka kuipa tatu, ila nikikumbuka kazi yote niliyoandikia humo na haijapotea hata faili moja naipa nne, ile moja naizuia mpaka hicho kiboksi kizungumze Kiswahili kinachoeleweka. Fomu za mwalimu mkuu zenye majedwali mengi bado najazia kompyuta ya ofisini, sijifanyi.

Steshenari ile sijarudi. Naenda ya mbali, kule kwa mama mmoja, namkabidhi PDF, nasimama pembeni yake mpaka amalize, anafuta mbele ya macho yangu, na lile pipa la takataka la kwenye kompyuta analisafisha bila hata kuombwa. Bodaboda elfu moja kwenda na kurudi na nailipa.